"Hili nalo linataka tairi za spidi?" Wakuu, leo nimedharauliwa mimi na gari langu

KonaKali (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka pale kwa muuza matairi sasa hivi. Naandika nikiwa ndani ya gari, sijawasha hata injini, mikono inatetemeka kwa hasira. Jina sitaji, hakuna haja, mnamjua. Yule yule ambaye miwani yake inaishi kwenye paji la uso na haijawahi kushuka machoni tangu dunia iumbwe. Kama una gari na hujawahi kuonja dharau yake, basi gari umelinunua jana usiku.

Nimeingia kwa heshima zote. Nikamwamkia. Nikasema, mzee wangu, natafuta matairi manne ya kiangazi, yale ya pafomansi yanayoshika barabara, saizi 225/45R17, herufi ya spidi isipungue W, ila bajeti yangu ni ya mtu wa kawaida. Saizi nimetaja, msimu nimetaja, mfuko nimetaja. Mteja aliyejiandaa namna hiyo anavutiwa kiti.

Hakunijibu. Akainuka, na kuinuka kwake mnakujua, mtu unaweza kuoa na kulea watoto ukimsubiri. Akatoka nje, akalizunguka gari langu, akaweka kiganja juu ya boneti, akalipigapiga polepole kama anampa pole mfiwa. Halafu mbele ya wateja wote, mbele ya vijana wake wote, mbele ya mtoto aliyekuja na baba yake, akasema:

"Hili nalo linataka tairi za spidi?"

Wakacheka wote. Mtoto naye akacheka!

"Hili NALO." Hiyo "nalo" ndiyo inanichoma. Angesema gari lako la zamani, sawa, ni la zamani. Angesema hana mzigo ninaoutaka, ningeshukuru nikaondoka. Lakini kiganja juu ya boneti, halafu "nalo"!

Mkafikiri ameishia hapo? Kijana wake akatumwa ndani akarudi akiviringisha tairi. "Chukua hili, jipya kabisa, bei yako hii." Nikainama kusoma ubavuni. Limeandikwa M+S, yaani matope na theluji, la misimu yote. Herufi ya spidi H. Tredwea, namba ya kukadiria raba itadumu kiasi gani, 600. Mshiko kwenye maji B. Nikatafuta DOT, ule msimbo wenye tarehe ya kutengenezwa, tarakimu nne za mwisho: 1417. Wiki ya 14 ya mwaka 2017! Jipya kabisa! Huko lilikokaa limeota meno na kuyang'oa.

Nikamwonyesha. Nikamwambia, mzee, hili si la kiangazi, na umri wake ni huu hapa. Miwani haikushuka. Akasema: "Tairi ni tairi. Jeusi, la duara, linaingia upepo." Wakacheka tena.

Mimi sishindani na mtu barabarani. Nataka tairi la pafomansi kwa sababu lami ikichemka, raba ya misimu yote inalegea, usukani unakuwa mzito kuitika, na breki ya ghafla inakula mita ambazo huna. Nataka tairi linaloshika kwenye maji, nina watu nabeba humu. Sasa kwa kuwa mfuko wangu ni mdogo, mimi sistahili kusimama kwa wakati? Breki ni za matajiri?

"Hili nalo." Wakuu, bado nakisikia kile kiganja.

MotaMbovu

Miwani kwenye paji la uso, basi ni yeye, hakuna mwingine. Langu mimi aliliinamia akaniuliza kama nalivuta au linanivuta. Pole mkuu.

Gasketi

Mleta uzi weka picha ya gari kwanza, tuone kama mzee wa watu alikosea.

KonaKali

Gasketi, gari lina uhusiano gani hapo? Hata ningekwenda na toroli yenye ringi ya inchi 17, nimeuliza saizi, nijibiwe saizi! Kiganja juu ya boneti kimetokea wapi?

Gasketi

Kwa hiyo ni toroli. Asante kwa ufafanuzi.

DadaSpana

Nyie mnacheka lakini mwenzenu ana hoja. Ngoja niseme kitu kimoja kwa wote wanaotafuta tairi za kiangazi kwa pesa ya mawazo. Msianze na jina kubwa, anzeni na ubavu wa tairi. W maana yake ni 270 km/h, V ni 240, H ni 210. Hakuna anayewaambia mkimbie hivyo, ila tairi lililojengwa kuhimili joto la spidi hizo kwa kawaida lina ubavu mgumu, ndiyo maana gari halipepesuki kwenye kona. Tredwea ni makadirio tu, 100 ni ya tairi la kupimia, na kila kiwanda kinajipa namba chenyewe, kwa hiyo msilinganishe kampuni na kampuni kama mizani ya dhahabu. Lakini ukiona 600, huyo kaundiwa kudumu, hakuundiwa kushika. Tairi nyingi nzuri za kiangazi za barabarani zinacheza 300 hadi 400 hivi. Firestone Firehawk Indy 500, kwa mfano, ina 340, na wengi wanaichukua kwa sababu haiumizi mfuko kama zile za daraja la juu kabisa.

Halafu angalieni toleo la zamani linalopisha jipya. Michelin walipotoa Pilot Sport 5 mwaka 2022, Pilot Sport 4 haikugeuka mbaya usiku mmoja. Muuzaji anataka kuondoa mzigo, wewe unataka bei, mnaelewana. Ila hapo hapo soma DOT, kwa sababu toleo la zamani na tairi lililozeeka stoo ni vitu viwili tofauti.

MotaMbovu

Dada hii ungeifungulia uzi wake.

MzeeWaSukani

Wanangu, samahanini, huyo jamaa wa miwani ni jeuri lakini hakukosea lote. Mtu anaendesha kwenda kazini na kurudi, tairi la misimu yote linamtosha. Na hizo za kiangazi baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 zinakuwa ngumu, hazishiki. Kama anakaa kwenye baridi atanunua seti mbili. Unafuu uko wapi?

KonaKali

Mzee wangu shikamoo. Kama hiyo ndiyo sababu, si angeniambia? Angesema, kijana, baridi ikija itakuwaje? Ningemjibu kuwa seti ya baridi ninayo, iko kwenye ringi zake. Hakuuliza! Alipigapiga boneti! Tena mara tatu, pole, pole, pole, na macho ameyafumba!

MzeeWaSukani

Marahaba. Macho alifumba pia? Hapo kwenye macho amezidi.

Klachi_Imekufa

Mimi nimecheka "mtoto naye akacheka". Mkuu, mtoto hadanganyi.

DadaSpana

Klachi acha uchokozi. KonaKali, kama mfuko umebana na gari lako linakubali ringi ya inchi 16, angalia kitabu cha gari. Tairi za 16 mara nyingi ni rahisi kuliko za 17, na ubavu mnene unavumilia mashimo. Angalia pia namba ya mzigo: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya ile ya kiwandani eti kwa sababu ya ofa.

Bampa

Swali dogo. Nina pesa ya matairi mawili tu. Gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Naweka mapya mbele, si ndiyo?

MzeeWaSukani

Nyuma.

Bampa

Mzee, injini inavuta mbele, breki nyingi iko mbele, niweke vipara nyuma au mbele?

MzeeWaSukani

Mapya NYUMA. Na vipara usiweke popote. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia kwenye usukani, unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linakugeukia unaangalia ulikotoka.

Klachi_Imekufa

Uongo. Miaka yote naweka mbele na niko hai.

DadaSpana

Klachi, uko hai kwa dua za mama yako. Watengenezaji wa matairi wenyewe wanasema nyuma.

KonaKali

Jamani uzi huu ni wa dharau niliyofanyiwa. Mbele na nyuma mtafutie kwingine. Alisema "hili nalo". NALO.

MotaMbovu

Tumeelewa mkuu. Bampa, nyuma.

Breki_Padi

Afadhali nyie mmedharauliwa kwa maneno. Mimi fundi wangu wa alaimenti, wa kunyoosha magurudumu, amenirudishia gari usukani umeinama, naendesha kama nakata kona ilhali niko kwenye njia iliyonyooka. Nikamrudia, akaniambia niuzoee. Tairi za mbele zimeisha upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, huku upande wa nje kashata, yale meno ya tairi, ziko kama mpya. Ndani hata zile alama za 1.6 mm za kuonyesha tairi limeisha zimeshalika.

Bampa

Ndani tu? Hiyo kemba, mlalo wa gurudumu, imekaa vibaya, au toe, uelekeo wake. Usipoirekebisha utaweka tairi za daraja lolote na zitakwenda vile vile.

Klachi_Imekufa

Alaimenti si kitu. Kuna kijana alinijazia upepo tairi likiwa la moto, nimetoka safari ndefu, halafu akapunguza kwa sababu "namba imezidi". Asubuhi tairi limelala. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, hata kibandiko cha mlangoni kinahesabu hivyo! Nilimwonyesha kibandiko, akasema hicho ni cha gari likiwa jipya.

Breki_Padi

"Cha gari likiwa jipya" nimekufa mie.

DadaSpana

Na wanaokaza nati kwa mashine ya upepo mpaka boliti inalia? Nilipata pancha usiku, nikasimama juu ya spana kwa miguu miwili, nikarukaruka, nati haikusogea. Kuna spana ya kupimia mkazo, namba iko kwenye kitabu cha gari, lakini ukiitaja wanakuangalia kama umetukana.

KonaKali

Mimi niliangaliwa hivyo hivyo, dada! Na kiganja kikiwa bado juu ya boneti!

Breki_Padi

Dada, hapo ulifanyaje? Nati ilitoka?

DadaSpana

Nilitia bomba refu kwenye mpini wa spana. Ikatoka, na boliti ikatoka nayo.

Gasketi

Hapo kwenye nati, kuna anayejua ufunguo wa nati ya kufuli unapatikanaje? Fundi aliyenibadilishia matairi kaondoka nao, simu hapokei, na nimepata pancha.

MotaMbovu

Gasketi fungua uzi wako.

Gasketi

Nimeufungua tangu asubuhi, hakuna aliyejibu. Wote mko huku.

Bampa

Angalia chini ya tairi la akiba kwanza, huwa wanautupia humo.

Gasketi

Tairi la akiba nalo hayupo anayejua liliko.