Naomba ushauri: programu ya uhasibu kwa jumuiya ndogo, Pemba

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mshika fedha wa jumuiya ndogo isiyo ya kiserikali hapa Chake Chake, inayopanda mikoko kwa fedha za wafadhili tofauti pamoja na ada za wanachama. Hesabu zetu tunaziweka kwenye Excel, jambo ambalo halikuwa na taabu tulipokuwa na mfadhili mmoja. Sasa kila mmoja anataka ripoti yake, na gharama za pamoja, kama kodi ya ofisi na umeme, lazima zigawanywe baina ya miradi kwa namna ambayo mkaguzi ataweza kuifuata hadi kwenye stakabadhi.

Nimetazama GnuCash, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila ya intaneti, na QuickBooks Online, ambayo ni ya kulipia na huhitaji mtandao, nao kwetu hukatika. Bei si hoja pekee: napendelea kitu ambacho atakayeshika nafasi yangu, hata akiwa si mhasibu, ataweza kukiendesha.

Kwa wanaotumia GnuCash, fedha za kila mfadhili mnazitenganisha kwa akaunti ndogondogo au kwa faili mbalimbali? Na kama ipo programu nyengine inayomudu bajeti ya kila mradi kwa shilingi na dola, tafadhali nitajieni.