Naomba ushauri: mwalimu hampigi binti yangu ila macho na msonyo vimemvunja moyo

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Binti yangu yuko darasa la nne shule ya serikali, mwaka huu ana upimaji wa taifa na hesabu alikuwa anazipenda kweli, saivi hata akijua jibu hanyooshi mkono. Nikambembeleza weee mpaka akasema, "Mama, nikikosea mwalimu wa hesabu ananiangalia kuanzia juu mpaka chini, anasonya halafu anageukia ubaoni." Aliponiigizia ule msonyo, mikono kiunoni, roho iliniuma jamani, mtoto wa miaka 10 ameukariri kabisa! Najua darasa lina watoto zaidi ya 90 na mwalimu naye anachoka, ila mwalimu wa Kiswahili wa darasa hilohilo anainama mpaka usawa wa dawati, anamsikiliza mtoto huku anaitikia kwa kichwa, na kwake binti anajibu vizuri tu bila kuogopa. Sasa nimfuate huyo wa hesabu mwenyewe au nianzie kwa mwalimu wa taaluma? Naogopa nikikosea kuongea mtoto ndo atanuniwa zaidi. Nyie walimu, mngependa mzazi awaanze vipi kwa jambo kama hili?