Mafundi pikipiki, acheni kuwauzia watu kabureta kila pikipiki inapopiga misi

Wakuu, hili limezidi na lazima lisemwe hadharani.

Mtu analeta pikipiki inayopiga misi, yaani injini inakosa kuwaka sawasawa, na anaeleza vizuri kabisa: nikivuta mafuta inasita, inakosa pumzi, halafu inapiga risasi kwenye ekzosi. Fundi hata plagi hajaifungua, jibu limeshatoka: "Kabureta imekufa hiyo, kanunue mpya." Dereva wa bodaboda ana hesabu ya bosi jioni, lakini anaacha hela ya siku dukani. Kabureta inafungwa, kesho yake misi iko palepale. Sasa anaambiwa ni CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche. Kisha koili inayopeleka umeme mkali kwenye plagi. Spea ya umeme ikishatoka dukani hairudishwi, kwa hiyo kila fundi anapobahatisha, anayelipa ni mteja.

Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, ni moja tu kati ya sababu nyingi, na mara nyingi hata ikiwa na shida, inahitaji kuoshwa tu. Fundi anayejiheshimu anaanza na swali: mlio unatoka wapi, na unatoka wakati gani?

Ikitema, yaani inapiga chafya kwenye kabureta unapovuta mafuta ghafla, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, au valvu ya kuingiza haifungi vizuri. Mchanganyiko mwepesi unaungua polepole, valvu ya kuingiza inafunguka moto haujaisha, unarudi ulikotoka. Ikipasuka kwenye ekzosi pale unapoachia mafuta tu, kwa mfano kwenye mteremko, angalia kwanza gasketi ya ekzosi pale inapokutana na silinda hedi. Hewa inanyonywa hapo, inakutana na petroli ambayo haijaungua, inawaka ndani ya bomba. Ziba mdomo wa ekzosi kidogo kwa kitambaa kinene injini ikiunguruma: ukisikia inavuja pfff pale kwenye nati mbili, umeshapata ugonjwa, na dawa yake ni gasketi ya bei ndogo. Lakini ikipasuka huku umebeba mzigo na umevuta mafuta, tena kwa kukatakata, hapo mshukiwa wa kwanza ni umeme.

Kuna kipimo kisicho na gharama yoyote ambacho karibu hakuna anayekifanya. Injini ikishapata moto, vuta choki (inayopunguza hewa) nusu wakati inasita. Ikipata nafuu, inakosa petroli au inaiba hewa. Ikizidi kuwa mbaya, petroli imeshazidi, au tatizo liko kwenye cheche. Dakika moja, umeshapunguza kazi nusu.

Kipimo cha pili: zungusha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mkono wa mafuta, chora alama ya kufungwa, robo, nusu na robo tatu. Endesha, shika pale inaposita, tazama alama. Ikisita kati ya kufungwa na robo, angalia jeti ndogo (kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli), skrubu ya hewa na uvujaji wa hewa. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano ya kabureta na kipini kinachoishikilia. Ukishusha kipini chini sindano inapanda na petroli inaongezeka. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa, au petroli haishuki ya kutosha kutoka tanki. Ukiambiwa ununue kabureta nzima wakati inasita ikiwa imevutwa mpaka mwisho tu, kwanza fungua mfuniko wa tanki uendeshe hivyo mita mia chache. Tundu la kupumulia la mfuniko likiziba kwa vumbi, tanki linanyonya na petroli inakata. Ukifungua ukasikia tanki linavuta hewa kwa nguvu, safisha tundu, kazi imekwisha.

Petroli yenyewe nayo ipimwe. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yanakaa chini kama shanga. Kwenye mafuta ya chupa za barabarani hilo ni jambo la kawaida, na mengine yamechanganywa na mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta tangu 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo huo, ila chupa ya pembeni ya barabara haina wa kuikagua.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa: uvujaji wa hewa kati ya kabureta na injini. Hapo kuna mpira wa kuunganishia, au kitako cheusi chenye oringi ndogo, yaani mpira wa duara wa kuzibia. Mpira unapasuka upande wa chini ambako jicho halifiki, hadi uukunje kwa vidole ndipo ufa unafunguka. Dalili ziko wazi: sailensa, ule mngurumo wa kutulia, inapanda na kushuka yenyewe, pikipiki inachelewa kushuka ukiachia mafuta, na inatema ukivuta. Chukua chupa ya kupulizia, weka maji ya sabuni, pulizia kwenye maungio injini ikiunguruma. Mngurumo ukibadilika, ni hapo. Wapo wanaomwagia petroli sehemu hiyo hiyo injini ikiwa ya moto, tena na sigara mdomoni. Huo ni mchezo wa kuua watu, ukomeshwe.

Jambo jingine linaloniudhi ni skrubu ya hewa. Fundi anaizungusha bila kuhesabu ilikuwa raundi ngapi, hajui hata ni ya aina gani. Ikiwa upande wa chujio la hewa, ukifungua inaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, ukifungua inaongeza petroli. Ni vitu viwili kinyume kabisa! Funga taratibu hadi iguse (ukikaza unaharibu ncha), ukihesabu, andika namba, kisha anzia raundi moja na nusu hadi mbili, halafu utafute pale injini inapounguruma vizuri zaidi ikiwa ya moto. Na jeti haichokonolewi kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu linapanuka, na pikipiki ya mteja inaanza kula mafuta bila yeye kujua kwa nini. Dawa ya kusafishia na upepo wa kompresa vinatosha. Ikigoma, tumia uzi wa mshipi wa kuvulia.

Tapeti nazo, yaani ule mwanya mdogo unaoachwa juu ya valvu. Mafundi wengi wanazikaza ili zisilie, mteja anafurahi kwa kuwa injini imekuwa kimya. Valvu ya kutoa moshi isipokalia kiti chake, moshi wa moto unapita pembeni, valvu inaungua, na injini inapasua ekzosi. Ya kuingiza ikikazwa, inatema kwenye kabureta. Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi, pistoni juu kwenye kubana, alama ya T ya magneti ikilingana na ya kava, kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Injini ya Honda CG125 ni milimita 0.08, nyingi za ukubwa huo ziko kati ya 0.05 na 0.10, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyokazwa ikawa kimya.

Na tafadhali, mwenye injini ya CG asidanganywe kwamba "cheni ya taimingi imeruka". CG inasukuma valvu kwa fimbo na gia, haina hiyo cheni. Boxer na TVS HLX zinayo, huko ruhusa kuikagua.

Upande wa umeme, anza na vya bei ndogo. Fungua kofia ya plagi, kata milimita tano za waya ulioungua, irudishe kwa kuizungusha. Usiku, kwenye giza, tazama kama cheche zinaruka nje ya waya. Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.8, na uisome ukiwa umetoka barabarani na kuzima injini hapo hapo, siyo baada ya kuunguruma bila mzigo, kwa sababu itakuwa nyeusi na kukudanganya. Kahawia ni nzuri, nyeupe ina hewa nyingi, masizi makavu ni petroli nyingi, oili mbichi ni ringi za pistoni au sili za valvu. Geuza usukani kushoto na kulia ikiunguruma: ikibadilika, waya umekatika shingoni au kebo ya mafuta inavutwa. Koili na CDI ni za mwisho, na zijaribiwe kwa kuazima nzima, siyo kwa kununua.

Anayetaka msaada hapa aandike hivi: aina ya injini, inapasuka wapi, mkono wa mafuta ukiwa kwenye alama gani, choki nusu imesaidia au la, na rangi ya plagi. Mafundi mnaojua kazi, jibuni kwa vipimo. Na wewe fundi uliyezoea kuanza na "kanunue kabureta", eleza hapa mbele ya wateja wako ulipima nini kabla ya kusema hivyo.