Baiskeli ya umeme Marekani: ni baiskeli au pikipiki? Leseni iwepo au isiwepo?

baba_jamali (Columbus, Ohio): Wakuu habari za huko. Nimemnunulia kijana wangu wa miaka 15 baiskeli ya umeme, ile ya kukanyaga lakini ina mota, aende nayo shule maana mimi na mama yake wote tupo zamu ya asubuhi. Sasa shemeji yangu yupo New Jersey ananiambia bila leseni na namba polisi wataibeba na faini ntalipa mimi. Nimesoma kikomo ni 20, hii ya kwetu kwenye kioo inasoma 32 bila wasiwasi. Hivi kwanini kila jimbo lina lake? Na nyie mnaonaje, hivi vitu vikatiwe leseni au viachwe?

mwanakwerekwe77: Viachwe. Sheria ya shirikisho ya 2002 ilishasema mota chini ya wati 750 na isiyofika maili 20, hiyo ni baiskeli. Imeisha hiyo.

sheria_kwanza: Haijaisha mkuu. Ile ya 2002 inamhusu anayetengeneza na anayeuza, kuendesha barabarani ni mambo ya jimbo. Majimbo mengi yana madaraja matatu, California 2015, Ohio 2018. La 1 mota inakusaidia ukikanyaga tu, mwisho 20. La 2 unavuta mafuta kwa mkono (ingawa mafuta hayapo), mwisho 20. La 3 ya kukanyaga mwisho 28, na hapo Ohio wanataka miaka 16 na helmeti. Baba Jamali hiyo 32 haipo hata daraja la 3, umemnunulia mtoto pikipiki.

mkenya_lowell: Na huku Massachusetts sheria ya 2022 ilitaja 1 na 2 pekee. Pennsylvania nao hawajui hayo madaraja yenu, wao wanapima uzito, isipite pauni 100 na mwenye kuendesha awe 16. Manze kitu hiyo hiyo asubuhi ni baiskeli, ukivuka mpaka jioni ni motobaiki 😂

mama_pili_dallas: Mimi leseni iwepo tena kesho. Juzi mmoja kanipita kwenye njia ya waenda kwa miguu, kidogo amzoe mwanangu. Huu ni ubodaboda watu wameuhamishia Marekani. Mtu taa za Buguruni zilimshinda, za huku ataziweza?

boda_mstaafu: Dada yangu ngoja nikujibu kwa heshima. Mimi boda nimeendesha Mwanza miaka sita, nimesomesha wadogo zangu wawili, na sasa hivi nipo New York napeleka chakula kwa hiyo hiyo baiskeli ya umeme, mvua yangu jua langu. Hiyo pilau unayoagiza umekaa kwenye kochi inakuja na malaika?

mama_pili_dallas: Mi sijakutaja wewe kaka, na pilau napika mwenyewe.

boda_mstaafu: Umesema ubodaboda. Boda ni mimi.

mwanakwerekwe77: Pilau ya Dallas hiyo nayo ina mashaka 🤣

mkenya_lowell: Kwanza hilo neno ni letu. Boda ilianza Busia, watu wakibebwa kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, na ilikuwa baiskeli! Pikipiki zilikuja baadaye. So huyu mstaafu akiwa kwa baiskeli huko New York ndiye boda original.

kahama_original: Letu, letu... sisi Shinyanga na Kahama tumebebwa kwenye baiskeli tukaziita daladala, hatukuhitaji Busia. Mkenya hata upepo ukivuma atasema umeanzia Naivasha.

mkenya_lowell: Na nyinyi mtasema mliubinafsisha 😅

sheria_kwanza: Tunaweza kurudi kwenye mada?

boda_mstaafu: Mada ndo hii hii. Wenzetu waliotutangulia hapa kabla ya 2020 polisi walikuwa wanawanyang'anya baiskeli na faini dola 500. 2020 jimbo likahalalisha, New York City mpaka 25. Oktoba 2025 jiji likashusha mpaka 15. Sasa mtu anataka chakula kifike cha moto, anayekileta aende mwendo wa harusi, halafu akatiwe na leseni. Sheria inamfuata mwenye njaa tu, tajiri na gari lake la tani mbili na nusu hamna anayemwita bodaboda.

mama_pili_dallas: Mwenye gari ana leseni na bima. Ndicho nilichosema toka mwanzo.

boda_mstaafu: Toka mwanzo ulisema Buguruni.

mwanakwerekwe77: Na betri je? Mnabishana namba na leseni, hizi rahisi zinawaka moto ndani ya nyumba watu wamelala. Ndo maana New York tangu 2023 ni marufuku kuuza ambayo haijapimwa usalama. Leseni haizimi moto.

baba_jamali: Jamani mimi nimeuliza la Columbus mmefika Kahama. Mtoto kanuna, baiskeli nimeifungia gereji wiki ya pili hii.

sheria_kwanza: Angalia kibandiko kwenye fremu, kiwanda kinatakiwa kiandike daraja, spidi na wati.

baba_jamali: Kijana alikibandua akaweka cha Arsenal.

kahama_original: Hapo sasa ndo polisi waitwe.

fundi_minneapolis: Mzee samahani nimechelewa, nimesoma yote. Hiyo 32 ni maili au kilomita?

baba_jamali: Imeandikwa 32.

fundi_minneapolis: Pembeni ya 32 kuna herufi ndogo. Kavae miwani ukaangalie.

baba_jamali: km/h

fundi_minneapolis: Kilomita 32 ndo maili 20. Kama ndo mwisho wake basi ni daraja la 1 au la 2, na kwa Ohio miaka 15 yake haina tatizo. Helmeti mvalishe tu. Mfungulie mtoto gereji.

mwanakwerekwe77: 😂😂😂 wiki mbili

boda_mstaafu: Dada wa Dallas ile ya Buguruni bado hujaifuta.