Risiti imeandikwa "Puto Alfajiri": nimelipa milioni 4.3, puto nimeliangalia nikiwa chini

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimekaa nao wiki mbili nikisema ngoja hasira ipoe nisije nikatukana humu nikala ban. Haijapoa.

Mimi ni mkazi wa Tabora mjini, upande wa Isevya. Kazi yangu asali: nanunua kwa warina asali wa Sikonge na Urambo, nachuja, nauza kwa madumu. Si tajiri, ila njaa haipigi hodi. Mwaka huu mimi na mama watoto tumetimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wakataka watufanyie sherehe ukumbini, mama yao akagoma. Hataki michango ya watu, hataki sare, hataki MC wa kumpigia kelele masikioni. Akasema anataka kitu kimoja tu: apande lile puto la Serengeti analoliona kwenye televisheni, linapaa jua likiwa ndiyo linachomoza. Huyu ni mwanamke ambaye hajapanda hata ndege. Anazisikia tu zikishuka hapa Tabora, anasema "hao wamefika", anaendelea kuchambua karanga.

Nikasema sawa. Miaka 25 amenivumilia mimi, puto ni nini.

Kuna jamaa ana ofisi hapa mjini, si mbali na soko kuu. Simtaji, kwa sababu ya sheria za humu na kwa sababu nyingine mtaziona mbele. Mlangoni kabandika bango kubwa: maputo ya rangi rangi angani, na chini yake mawe marefu yaliyochongoka kama vichuguu vyetu vya njia ya Sikonge. Nikasema moyoni, kumbe Serengeti kuna mambo hivi. Juzi binti yangu kaliona lile bango akaniambia, "Baba, hapo ni Cappadocia, Uturuki." Ndiyo mjue niliingia kichwa kichwa kiasi gani.

Jamaa ana ulimi wa asali kuliko dukani kwangu. Siku tatu, usafiri wa kwenda na kurudi, viingilio, mahema Seronera, chakula, halafu "Puto Alfajiri". Watu wawili milioni 4.3. Kabla hamjaanza kunicheka, pigeni hesabu kwanza. Kiti kimoja cha puto Serengeti kinacheza kwenye dola 600, yaani milioni moja na nusu na ushee kwa kichwa. Viwili ni milioni tatu na kitu. Inabaki milioni moja hivi ya mafuta, mahema na wali. Sisi raia kiingilio chetu cha hifadhi ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kwa hiyo bei ilikuwa inaingia akilini. Angeniambia laki tatu ningeondoka mbio. Huyu alikaa akapanga bei ya mtu mkweli, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Nikalipa kwa mafungu matatu. Milioni moja na nusu, nyingine milioni moja na nusu, ya mwisho milioni moja na laki tatu. Yote kwa simu, kwenye namba yenye jina la mwanamke ambaye mpaka leo simjui. Risiti ya EFD? "Mashine iko matengenezo mzee wangu." Akaniandikia kwa kalamu kwenye kile kitabu cha risiti kinachouzwa madukani, akagonga muhuri.

Miezi minne ya kusubiri nikageuka mwalimu wa maputo. Kila jioni mama watoto anasonga ugali, mimi nasoma kwenye simu namsimulia. Kwamba lile puto halina usukani. Rubani anapandisha na kushusha tu kwa moto wa gesi, anatafuta upepo unaoelekea anakotaka, kwa sababu huku chini unaweza kwenda huku na kule juu ukaenda kwingine. Kwamba wanaruka alfajiri kwa sababu hewa bado ni baridi na imetulia. Jua likishapasha ardhi, hewa inaanza kupanda kwa fujo na puto linayumbishwa. Nikamwambia mambo haya yalianza Ufaransa mwaka 1783, ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier, na abiria wa kwanza kupandishwa kwenye puto lao hawakuwa watu, walikuwa kondoo, bata na jogoo. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Akawa akimwona jogoo wetu uani anamwamkia, "Shikamoo rubani."

Sasa wakuu, kondoo alipanda. Bata alipanda. Jogoo alipanda. Sisi wenye milioni nne tumebaki chini.

Tuliondoka Tabora usiku na Noah: Nzega, Shinyanga, Maswa, Bariadi, tukatokea Lamadi, tukaingilia geti la Ndabaka. Sina malalamiko na njia. Ndani kuna mbung'o wa kutosha lakini mtu wa Tabora hatishwi na mbung'o. Tuliona twiga, tuliona viboko, simba mmoja amelala chini ya mti kama mlinzi wa usiku. Jioni tukafika Seronera, tukala wali na maharage, tukaingia hemani. Fisi wanalia huku na huku. Mama watoto hakulala kwa furaha, mimi sikulala kwa fisi.

Tuliambiwa gari la puto litatufuata kambini saa kumi na nusu. Saa tisa usiku mwenzangu yuko tayari. Amevaa sweta jipya la zambarau, kilemba kimefungwa vizuri, chini kavaa suruali ya michezo ya binti yake, kwa sababu nilimwambia kwenye lile tenga watu wanaingia kwa kuparamia. Suruali! Mama yule sijamwona na suruali tangu nimjue.

Gari likaja kweli, kwa muda ule ule. Dereva kijana, mstaarabu, akashuka na tochi na karatasi. Wazungu wanne wa mahema ya jirani wakajitokeza, akawasoma, wakapanda. Sisi tumesimama. Nikamtajia majina yetu. Akamulika karatasi akashuka nayo kwa kidole hadi chini. Akarudi tena kutoka chini kwenda juu. Akageuza nyuma, nyuma kulikuwa kweupe.

"Mzee, shikamoo. Hampo humu."

Nikampa risiti. Akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili. Akaniuliza swali ambalo nataka kila mtu humu alishike: "Wakati wa kulipia, mliulizwa kilo zenu?"

Hatukuulizwa. Hakuna aliyetuuliza uzito wetu, si siku ya kwanza wala siku ya fungu la mwisho. Akasema kila abiria wao lazima ataje uzito, maana rubani anapanga watu kwenye tenga ili pande zote zilingane, na anapiga hesabu ya mzigo puto litakaobeba asubuhi hiyo. Nafasi zimejaa. Akapiga redio kuuliza, nikamsikia mwenyewe, akajibiwa hamna. Na hata ingekuwepo moja, nani apande nani abaki? Akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, akaondoka na wazungu wake. Narudia ili tusichanganye mafaili: wenye puto hawana kosa. Hawajawahi kuona senti yangu wala kusikia jina langu.

Nikamgeukia dereva wetu wa Noah. "Mimi nimeambiwa nilete watu wawili nirudi nao wawili, mzee." Basi.

Simu ya wakala haipatikani. Haipatikani. Haipatikani. Mama watoto hakusema neno. Akachukua kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya hema, akakaa anatazama mashariki na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri basi.

Kulipopambazuka tukalisikia kabla ya kuliona. Linapumua. Fuuuuu, kimya, fuuuuu. Halafu likachomoza nyuma ya migunga, na upepo ukalileta moja kwa moja upande wetu, chini chini, mpaka unaona kamba zake na moto unavyowaka chini ya kile kitambaa. Nilihesabu vichwa kumi na viwili, kisha wakawa wanasogea nikapotea hesabu. Wale majirani zetu wa kambini wakatutambua, wakapunga mikono. Na mama watoto, wakuu, akasimama na kilemba chake, akawapungia mikono miwili, akawapigia kelele kwa sauti ya sokoni: "Mwangalukaaa!" Salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi kwa watu walioko angani. Wakaitikia kitu, sijui nini.

Nikageukia upande mwingine nikajifanya natafuta viatu.

Na wakati puto liko juu ya vichwa vyetu, simu ikaita. Wakala. Sauti nzito ya kutoka usingizini. "Mzee wangu pole sana, nimepata taarifa sasa hivi, huko Serengeti upepo ni mkali leo, maputo yote yamezuiwa, hakuna kilichoruka."

Hakuna kilichoruka! Sikumjibu. Nilinyanyua simu juu, mkono wote, lile dude likapuliza moto wake, fuuuuu. Nikairudisha sikioni. "Hiyo ni nini?" Akakata.

Upepo ukiwa mkali maputo hayaruki kweli, na ni sawa yasiruke. Mwaka 2013 kule Luxor, Misri, puto la watalii lilishika moto likaanguka, wakafa watu 19. Kwa hiyo rubani akiniambia leo hapana, nitamshukuru nitarudi kulala. Huyu alikuwa anaazima sababu ya marubani kufunika wizi wake akiwa kitandani Tabora.

Tuliporudi nikaenda ofisini kwake. Nilitegemea kukuta kufuli. Wapi! Yupo, anakunywa chai na chapati chini ya bango lake la Uturuki. Nikaweka risiti mezani. Sasa shikeni viti. Akaisoma taratibu, akaniambia, na haya ni maneno yake: "Mzee wangu, hapa pameandikwa Puto Alfajiri. Hapajaandikwa kupanda. Puto umeliona?" Nikanyamaza. "Alfajiri umeiona?" Nikanyamaza. "Sasa deni langu ni lipi?"

Nina miaka 53. Nimeuziwa asali iliyochanganywa na sukari guru, nimeuziwa pikipiki yenye kadi ya marehemu. Sijawahi kutapeliwa kwa sarufi.

Nikamwomba leseni yake ya uwakala wa utalii. Akanionyesha iliyopo ukutani, kwenye fremu ya dhahabu. Nikavaa miwani. Ni leseni ya biashara ya steshenari na fotokopi.

Nilikoenda kushtaki niliambiwa ni suala la madai, nikaelewane naye. Mmoja kaniuliza, anacheka, "kwani mzee wewe na puto wapi na wapi?" Hilo nalo limenikera kuliko nilivyotegemea. Mtu wa Tabora akiuza ng'ombe akanunua shamba, hongera. Akinunua bati, hongera. Akitaka kumpandisha mkewe angani saa moja tu katika maisha yake, amerogwa?

Ninachotaka humu si pole. Kama wewe au mzazi wako mliuziwa "Puto Alfajiri" hapa Tabora, au hata jina lingine lenye harufu hiyo, njoo PM na picha ya risiti. Tayari wawili wamejitokeza, mmoja wa Nzega. Tunataka twende mahakama ya mwanzo tukiwa kundi. Meseji zote za simu ninazo, za malipo na zile ambazo aliandika kwa mkono wake "kiti chenu cha puto kiko tayari mzee". Kiti! Hiyo nayo aje aseme ni ya kuangalia.

MREJESHO: Kwa mnaouliza kwa nini sikuwapigia wenye puto moja kwa moja kuthibitisha, mmesema kweli, na mama watoto kaniuliza hivyo hivyo, kwa upole, ambayo ni mbaya zaidi. Namba zao zipo wazi mtandaoni. Niliogopa Kiingereza, nikamwamini anayeongea Kiswahili. Wanapokea simu kwa Kiswahili vizuri tu, nimejua sasa.

MREJESHO WA PILI: Nadhani uzi umemfikia. Leo mchana kanitumia meseji, anataka tuyamalize kiutu uzima, ananipa ofa ya bure mimi na mama: "Machweo Igombe, pamoja na boti." Yaani pale kwenye bwawa letu la hapa Tabora. Nimemuuliza swali moja tu, boti ni ya kupanda au ya kuangalia? Tiki za bluu zipo tangu saa nane. Hajajibu.