Majirani wa Mtaa wa Pili: PS2 na deki kwenye TV yenye AV moja

Mama Rehema: Habari za jioni majirani. TV yetu ni flati, nyuma ina HDMI mbili na sehemu moja tu ya AV. Kuna PS2 (mashine ya gemu, PlayStation 2) ya watoto na deki ya DVD, kila mara wanachomoa hiki wachomeke kile. Nataka vyote vikae palepale. Halafu leo PS2 inaonyesha nyeusi na nyeupe.

Baba Zuhura: Salama mama. Matundu ya AV ya TV yana rangi gani? Na deki ina HDMI?

Mama Rehema: Kijani, bluu, nyekundu, kisha nyeupe na nyekundu nyingine. La njano halipo. Deki haina HDMI.

Baba Zuhura: Soma maandishi juu ya la kijani. Kama ni Y/VIDEO au VIDEO/Y, pini ya njano ya PS2 inaingia hapohapo. Bluu na nyekundu ya jirani yake yaache wazi. Nyeupe na nyekundu za sauti ziende kwenye yale mawili ya AUDIO. Angalia vizuri, kuna nyekundu mbili na moja ni ya picha.

Mama Rehema: Ndivyo ilivyochomekwa.

Dada Neema: Basi angalia kwenye rimoti, bonyeza SOURCE. Huenda TV iko Component (njia ya picha ya nyaya tatu: kijani, bluu na nyekundu), ihamishie AV. Tundu la kijani linatumika kwa njia zote mbili, na ikiwa Component TV inasubiri rangi zije kwa bluu na nyekundu. Kwa kuwa huko hakuna kitu, inabaki na mwanga na giza tu.

Mama Rehema: Rangi zimerudi! Asante mwanangu.

Kaka Juma: Kwa wengine ambao rangi hazirudi hata wakiwa AV: geuza PS2 usome namba ya modeli inayoanza na SCPH chini yake. Ikiishia 01 ni ya Marekani, 00 ya Japani, 03 Uingereza, 04 Ulaya. Za Marekani na Japani hutoa NTSC, mfumo wa rangi tofauti na PAL, kwa hiyo kwenye menyu ya picha ya TV weka mfumo wa rangi Auto, usiibane kwenye PAL. Na soma volti kabla ya kuchomeka ukutani. Ikiandikwa 120V au 100V peke yake, umeme wetu wa 230V utaiunguza. Tafuta transfoma ya kushusha.

Mzee Kombo: Vijana, kwa nini asinunue zile pini za kugawa, mbili ziwe moja, aunganishe deki na PS2 pamoja?

Baba Zuhura: Shikamoo mzee. Zile ni za kugawa ishara moja iende sehemu mbili. Ukizigeuza, vifaa viwili vinasukuma picha kwenye waya mmoja. Hata kilichozimwa kinavuta ishara ya mwenzake, picha inafifia au inavurugika. Kinachofaa ni kiboksi cha kuchagulia AV chenye vitufe, matundu ya AV matatu ya kuingilia na moja la kutokea. Hakihitaji umeme. Bonyeza 1 PS2, bonyeza 2 deki.

Mzee Kombo: Marahaba. Nimeelewa.

Dada Neema: Au konveta ya AV kwenda HDMI, maana HDMI zake zipo bure. Hapo ndipo watu wengi hupoteza hela: viboksi viwili vinafanana kabisa, vyote vina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Unachotaka kimeandikwa AV2HDMI, na swichi yake ni ya 720P/1080P (idadi ya mistari ya picha). Ukiona swichi ya PAL/NTSC, hicho ni HDMI2AV, kinapeleka picha upande wa pili na hakitakusaidia. Kishike mkononi usome kabla ya kulipa.

Kaka Juma: Na waya wake mdogo wa USB ni lazima. Kinakula 5V, chaja ya simu inatosha. USB ya TV inaweza kufaa pia, ila kama picha inakatikakatika hamia chaja.

Mama Rehema: Sasa konveta niweke kwenye kipi?

Baba Zuhura: Kwenye deki mama, tafadhali usiweke kwenye PS2. Konveta inachelewesha picha kidogo. Kwenye filamu hutagundua, picha na sauti zinapita pamoja humo. Kwenye gemu mtoto anabonyeza kitufe na mchezaji anachelewa kupiga mpira. PS2 ibaki moja kwa moja kwenye AV, na kwenye menyu ya picha uwashe Game Mode kama ipo.

Dada Neema: Naunga mkono. Kwenye deki acha 720P kwanza. DVD yenyewe ina mistari 576 tu (PAL), 1080P haiongezi chochote.

Kaka Juma: Deki ikigoma kutoa picha baada ya watoto kuchezea rimoti, mara nyingi imewekwa P-SCAN (progressive scan, namna nyingine ya kutoa picha), na hiyo haipiti kwenye pini ya njano. Toa diski, bonyeza V-MODE au VIDEO mara kadhaa, ukisubiri kidogo kila mara, hadi picha irudi.

Mama Rehema: Na kama nikipata ule waya wa PS2 wenye pini tano?

Baba Zuhura: Huo ndio mzuri kuliko wote, picha inakaa safi, na hapo matundu yote matano yanatumika. Ila kabla ya kuubadilisha, ukiwa bado na wa njano, washa PS2 bila diski, ingia System Configuration, kisha Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ikibaki RGB rangi zitakuja za ajabu na kurekebisha itakuwa taabu. Ukishafunga, rudisha SOURCE kwenye Component.

Mama Rehema: Kesho naenda dukani. AV2HDMI, swichi ya 720P/1080P, na waya wa USB.

Dada Neema: Ongeza waya wa HDMI. Mara nyingi haumo ndani ya boksi.