Mafundi acheni kubahatisha kwa hela zetu, gari inavuma mnabadilisha kila kitu isipokuwa beringi

Wakuu salamu. Nina hasira na sitazunguka. Gereji ni ya hapa hapa Dar, jina siliweki, lakini kwa ninavyosikia watu wanavyolia huu mchezo uko gereji nyingi sana kwa hiyo someni hata kama hamjawahi kufika hiyo ya kwangu.

Gari ni Toyota Premio. Ilianza kuvuma. Haigongi, haikwaruzi, haitetemeki usukani, ni mvumo tu wuuuuuu kama mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa pili. Chini ya 50 husikii kitu, ukifika 60 unaanza, 80 umejaa gari nzima, 100 mnaongea kwa kupaza sauti. Ukishatoka Kibaha kwenda Mlandizi ndo unausikia vizuri kwa sababu ya vile vibao vya 50, unaingia kwenye kibao mvumo unakufa, unatoka unakanyaga unarudi pale pale. Yaani unafuata mwendo wa gari, haufuati mlio wa injini. Na hilo nililisema gereji siku ya kwanza kabisa, nikawaambia hata nikiweka N (gia huru) gari ikiwa inaserereka yenyewe, injini imeshuka iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta, mvumo uko vile vile haupungui. Kwa mtu anayeijua kazi yake hapo injini imeshatoka kwenye kesi, inabaki vitu vinavyozunguka na magurudumu: matairi, beringi (ile ringi ya gololi inayofanya gurudumu lizunguke laini), ekseli, na ndani kule kwenye difu ya gia boksi, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Sasa fundi alifanya nini? Akafungua boneti. Gari imepaki, sailensa, ameinamisha kichwa anasikiliza injini. Nikamwambia boss huu mlio hautoki gari ikiwa imesimama, ingia tukazunguke, barabara iko hapo nje. Akasema hamna haja, hizi gari tunazijua. Ndugu zangu gari inalia ikiwa kwenye 80 wewe unaitafuta ikiwa imesimama, utaipata lini?

Kisha nikapigwa hela ya kompyuta. Wakachomeka ile mashine yao, wakaniambia haina kodi, yaani zile namba za hitilafu (code). Ni kweli haina na haitakuwa nayo! Ile mashine inasoma kile ambacho sensa zimeona, na hakuna sensa ya kusikiliza beringi inavuma. Hata kama gari ina ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), ile sensa inahesabu mzunguko wa tairi tu, beringi inaweza kuwa imekwaruzika ndani na ABS ikaona kila kitu kiko sawa. Fundi analijua hilo, au asipolijua basi asishike gari ya mtu. Lakini hela ya kupima wanachukua, tena wanaichukua mbele kabla hawajachomeka.

Baada ya hapo ndo ikaanza safari ya kubadilisha. Kwanza matairi. "Mzee haya matairi yameisha ndo yanavuma." Hayakuwa yameisha, kashata (yale meno ya tairi) zilikuwepo za kutosha na ukisoma zile namba nne za mwisho za DOT pale ubavuni, ambazo mbili ni wiki na mbili ni mwaka, unaona kabisa ni tairi za juzi. Nakubali tairi likiliwa vibaya linavuma, tena mvumo wake unafanana sana na wa beringi, lakini kuna namna ya kulijua bila kununua jipya. Unapitisha kiganja juu ya kashata kwenda mbele na kurudi nyuma, kama upande mmoja ni laini na mwingine unakukwaruza kama msumeno basi limeliwa. Au unahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, mvumo ukihama nayo umeshapata jibu kwa gharama ya kufungua nati tu. Au unasikiliza lami ikibadilika, pale unapotoka lami mpya kuingia ile ya mawe mawe, mlio wa tairi unabadilika na lami, wa beringi haujali lami. Hakuna hata kimoja kilichofanyika. Nikauziwa matairi mawili mapya, alaimenti juu, balansi juu, na yale ya zamani yakabaki gereji eti "tutakutupia". Mvumo ukabaki.

Wakaja na oili ya gia boksi. Ukabaki. Wakaja na ekseli ya kulia, cv joint (kile kiungo cha mwisho wa ekseli kinachojikunja) imekufa wanasema, wakati cv joint ya nje ikifa inagonga kakakaka ukikata kona hadi mwisho, haivumi ukiwa umenyoosha barabara kuu. Nikawauliza beringi je? Jibu nililopewa ndo linanichoma mpaka leo: "beringi ingekuwa imekufa tairi lingecheza." Wakapiga jeki, wakashika tairi juu na chini wakalitikisa, halichezi, wakashusha, kesi imefungwa. Wakuu huu uongo unaua watu. Beringi inaanza kuvuma muda mrefu kabla tairi halijaanza kucheza, kucheza ni hatua za mwisho mwisho, ukisubiri licheze unasubiri likufie barabarani na basi la mkoani liko nyuma yako.

Kipimo chenyewe hakihitaji chochote. Barabara iliyonyooka, hakuna gari, mwendo wa 70 hivi, unapeleka usukani taratibu kushoto kisha kulia kama unakwepa shimo kwa mbali. Ukienda kushoto uzito wa gari unalalia magurudumu ya kulia, kwa hiyo kama mvumo unapanda ukienda kushoto na unanyamaza ukienda kulia, mara nyingi beringi mbovu iko kulia. Kwangu ilikuwa wazi kiasi kwamba hata abiria aliyekaa siti ya nyuma aliijua. Na kama unataka uhakika, unapiga jeki, unaweka mkono mmoja kwenye springi ya shokapu na mwingine unazungusha tairi. Nzima husikii kitu mkononi. Mbovu unasikia chembechembe, kama kuna mchanga unasagika humo ndani. Halafu unalinganisha na tairi la upande wa pili. Difu nayo ina tabia yake, mlio unabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, wa beringi haubadiliki na mguu wa mafuta. Haya yote ni dakika chache na hayanunui spea hata moja, na ndo maana nadhani hawayafanyi.

Nikawaambia fungueni mguu wa mbele kulia, beringi nalipa mimi, lawama zangu. Wakafungua kwa kununa. Ilipotoka nikaomba nipewe, ninayo hapa mezani. Ile njia ambayo gololi zinapita ina vidoa vidoa, chuma kimebanduka vipande vidogo vidogo ukipitisha ukucha unakwama, grisi imebaki maji ya kahawia na kwenye sili kuna alama ya kutu, maji yaliingia. Fundi akaiangalia akasema "aah kumbe". Aah kumbe! Hela ya matairi, oili, ekseli, kompyuta na ufundi wa kila mara, jibu ni aah kumbe. Hakuna samahani, hakuna tuangalie tunakupunguziaje.

Na bado hawajaisha. Hiyo beringi mpya waliifunga kwa nyundo. Nimesimama naangalia. Kwenye hizi Toyota ndogo beringi ya mbele inasukumwa ndani ya lile chuma linalobeba habu (kitovu ambacho gurudumu linafungwa), na inatakiwa presi, mashine ya kukandamiza, inasukumwa kwa kusimamia ringi ya nje peke yake, na habu ikiingia ile ringi ya ndani inatakiwa iegemezwe kwa nyuma. Ukigonga hovyo nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia yake, beringi mpya inakuwa imeshakufa kabla haijatoka gereji. Na zile zenye sumaku ya ABS upande mmoja ukiigeuza taa inawaka. Nikauliza presi iko wapi, nikaambiwa "tumefunga nyingi hivi hivi". Nati ya ekseli ambayo inataka spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza), zaidi ya Nm 200, ikakazwa kwa bomba na uzito wa kijana. Haikupita muda mvumo ukarudi, mdogo, kwenye mguu ule ule.

Nikaenda kwa fundi mwingine Ilala, mzee mmoja hana hata bango. Kitu cha kwanza alichoomba ni funguo. Tukazunguka, akapeleka usukani kushoto, kulia, akaniambia mbele kulia, akanituma beringi nyingine na akanikataza kununua ile ya bei ya kutupa iliyoandikwa jina la Kijapani kwa maandishi yaliyopinda, akanipeleka kwa mwenye presi. Tangu siku hiyo gari kimya.

Kwa hiyo tatizo la gari limeisha, langu mimi halijaisha. Nilirudi ile gereji na beringi zote mbili na risiti. Wakaniambia "matairi si unayatumia, ekseli si mpya, umepoteza nini?" Nimepoteza hela ambayo sikutakiwa kuitoa! Nilikuja na ugonjwa mmoja nikauziwa dawa za magonjwa ambayo sina, na ugonjwa wenyewe mkaukana mpaka nilipowalazimisha. Nataka hela ya ufundi wote irudi, ya kompyuta irudi, na ya ile beringi waliyoigonga nyundo irudi. Matairi nitabaki nayo, yangu ya zamani wanirudishie au wanilipe, maana nina uhakika hayakutupwa.

Naulizia wadau, kuna mtu humu ameshawahi kuirudisha hela ya fundi aliyebahatisha? Ulipitia serikali ya mtaa, mahakama ya mwanzo, au FCC (Tume ya Ushindani) wanapokea malalamiko ya huduma ya gereji? Risiti ninazo, siyo zote za EFD, nyingine wameniandikia kwenye kikaratasi chenye muhuri. Aliyepita hiyo njia anieleze alianzia wapi na ilichukua muda gani. Na wenye gereji mliopo humu mnaotaka kuja kutetea, anzeni na swali moja: kwa nini fundi alikataa kuingia kwenye gari?

Picha za beringi naweka kesho kukiwa na mwanga.